Ombi Lako Linatafuta Njia

Kwanza tuelewane: nchi hii haipo. Ukiona barabara zake zinafanana na zenu, ni kwa sababu shimo ni shimo popote. Na ukiona waziri wake anafanana na mtu unayemjua, mlaumu huyo unayemjua, kwa nini afanane na watu wasiokuwepo.

Basi, katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na mila moja iliyokuwepo sana: mkubwa hanyooshewi kidole. Wala si kidole tu. Hanyooshewi kijiko, hanyooshewi kalamu, na ufagio haulazwi sakafuni mpini wake ukielekea nyumbani kwake. Mtoto akisahau akamwonyesha diwani kwa kidole, alichapwa kidole hichohicho. Hata vibao vya barabarani vilikuwa na adabu. Kibao cha kwenda wizarani kilielekeza kusiko na wizara, na wenyeji walijua kwamba ukitaka kufika kwa mkubwa unakwenda kinyume cha mshale. Wageni ndio hawakujua. Balozi mmoja aliyekuja kukabidhi hati zake alifuata kibao kwa uaminifu akaishia kwenye machimbo ya kokoto, akamkabidhi msimamizi wa machimbo, naye akazipokea kwa heshima zote.

Huko ndiko alikoishi Sihaba, mchambuzi wa mifumo, pamoja na mumewe Shomari, ambaye zamani alikuwa refa wa mpira.

Kazi ya Sihaba ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kabla watu wa kompyuta hawajaandika chochote, yeye aliketi na wenye shida, akawauliza: hapa kuna nini na nini, nani anahitaji nini, kutoka kwa nani? Kisha akachora. Kila kitu alikiwekea kisanduku, na kila kinachotoka hapa kwenda pale akakiwekea mshale. "Ukikosea mchoro," alikuwa akiwaambia vijana wa ofisini, "kompyuta haitakurekebisha. Itakutii. Na hakuna balaa kubwa kama kutiiwa na kitu kisichofikiri."

Shomari naye alijulikana kwa kidole chake. Akiona penalti hakubishana na mtu. Alikimbia hadi kwenye nukta, akanyoosha kidole, akabaki hivyohivyo hata wachezaji wakimvuta jezi na kumtukania ukoo. Alistaafishwa siku ya bonanza la wizara, alipotoa penalti kwa rafu aliyocheza Waziri mwenyewe. Alijitetea kwamba aliielekeza nukta, hakumwelekeza Waziri. Ni bahati mbaya tu kwamba Waziri alikuwa bado amelala juu ya nukta. Hawakumwelewa. Walichukua filimbi yake, na miaka michache baadaye figo zake nazo zikagoma kazi, kwa sababu mwili hauna itifaki. Tangu hapo aliishi kwa mashine ya kusafisha damu, kila Jumanne na Ijumaa, katika Hospitali Kuu, kwenye kitanda cha dirishani alichopewa kwa kuwa mkewe ni mtumishi wa wizara. Sihaba akiacha kazi, kitanda kinaondoka. Hilo walilijua wote wawili na hawakulizungumza.

*

Mwaka huo serikali ikatangaza Mfumo Mkuu wa Afya. Semina ya kukusanya mahitaji ya wananchi ilifanyika katika hoteli ya kitalii, mbali kidogo na wananchi. Madaktari waliwakilishwa na mkurugenzi ambaye aliwahi kusomea udaktari kabla ya kupata akili. Wagonjwa waliwakilishwa na Bwana Kasanga, mtu mnene mwenye mashavu yanayong'aa, aliyeteuliwa kwa sababu hajawahi kuugua maishani mwake na kwa hiyo hana upendeleo. Wagonjwa wenyewe walitafakariwa, lakini ikaonekana kwamba wanaumwa.

Sihaba alibandika karatasi kubwa ukutani. Akachora kisanduku cha Mgonjwa, cha Daktari, cha Mashine, cha Idhini, na cha Waziri. Akachora pia mambo ya kawaida: Mgonjwa anatoa Ombi; huduma ikitolewa, Ombi linafungwa. Asubuhi ile ilikuwa nzuri, na hayo yalipita bila mjadala.

"Hebu subiri," alisema Bwana Lwanzali, Katibu Mkuu, akivua miwani. "Waziri na Mgonjwa wana visanduku vya ukubwa mmoja?"

"Ukubwa hauna maana, Mheshimiwa. Ni alama tu."

"Hauna maana kwako wewe. Ndugu wajumbe mnasemaje?"

Wajumbe walisema kikuzwe. Kikakuzwa. Baada ya chai kikakuzwa tena. Kufika adhuhuri kisanduku cha Waziri kilikuwa kimemeza karatasi mbili na kuanza kupanda kwenye pazia, na hapo likazuka tatizo jipya: kilikuwa kikubwa, lakini kitupu. Mjumbe mmoja alinong'ona kwamba watu wenye nia mbaya wanaweza kulipa jambo hilo tafsiri. Basi kikajazwa haraka. Wakaichukua Idhini, ambayo tangu enzi za mababu ilikuwa kwa Daktari, wakaitumbukiza ndani. Wakatumbukiza Dawa. Wakatumbukiza na ufunguo wa Mashine.

"Samahani," Sihaba akasema. "Ina maana mgonjwa akifika, sista hawezi kuwasha mashine mpaka Waziri aidhinishe?"

"Una ubishi na Waziri kujali watu wake?"

"Sina, Mheshimiwa. Basi nachora mshale, ombi liende kwa Waziri."

Akachora. Wajumbe wakaacha kuandika, hata mhudumu wa soda akasimama na chano chake. Bwana Nyendo, Afisa Itifaki, mzee mwembamba aliyewahi kulia hadharani kwa sababu bendera ilipandishwa upande mmoja umekunjamana, aliinuka.

"Binti yangu," alisema, "umemnyooshea Mheshimiwa kitu chenye ncha."

"Mzee wangu, hii ni njia tu. Ni njia ya ombi kupita."

"Yenye ncha."

"Lazima iwe na ncha, ili mashine ijue ombi linakwenda wapi."

"Sisi wagonjwa," akaingilia Bwana Kasanga, akipapasa tumbo lake lenye afya, "hatutakubali kutumiwa kumchoma Waziri wetu."

Makofi yakapigwa. Mishale yote iliyoingia kwenye kisanduku cha Waziri ikafutwa kwa kauli moja. Iliyotoka ikabaki: Maagizo, Matamko, na Salamu za Mwaka Mpya. Sihaba alisimama mbele yao na kalamu mkononi.

"Ombi litamfikiaje, waheshimiwa? Nisaidieni. Litamfikiaje?"

"Mheshimiwa anazijua shida za watu wake," alisema Katibu Mkuu kwa upole. "Mkubwa haambiwi."

Mwishoni waliona si vizuri Waziri asipokee chochote. Bwana Nyendo mwenyewe akachukua kalamu, akachora mstari mmoja kutoka kwa wananchi kwenda kwa Waziri, mstari usio na ncha, mwisho wake ua. Juu yake akaandika: Pongezi. Wajumbe wakasema huyu mzee ni hazina.

Jioni walimletea Sihaba mchoro autie sahihi. Alikifikiria kitanda cha dirishani. Akatia sahihi, na aibu aliyoihisi pale hakuwahi kumwambia mtu.

Mchoro ukatiwa fremu ya dhahabu. Bunge likaupitisha kuwa Mchoro wa Taifa, na kufuta mstari wake kukawa kosa sawa na kuchana bendera.

*

Jumanne ya kwanza ya mfumo mpya, Sista Leokadia, muuguzi wa zamu aliyemzoea Shomari kama ndugu, alimlaza pale dirishani, akamwandaa mkono, kisha akabonyeza kioo cha kompyuta. Kioo kikaandika kwa herufi nzuri za kijani: OMBI LAKO LINATAFUTA NJIA.

Wakasubiri. Herufi zikazungukwa na kiduara kilichokuwa kikizunguka polepole, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Leo ni siku ya kwanza," Sista akasema. "Litafika tu, shemeji. Tuvute subira."

Halikufika. Ijumaa nayo halikufika. Ombi lilitoka kwa Mgonjwa likaenda kwa Daktari, likatoka kwa Daktari likaenda kwa Mganga Mkuu, likapanda hadi kwa Katibu Mkuu, na hapo likakuta ukuta bila mlango, likarudi kwa Mgonjwa kuanza upya. Wodi nzima walikuwa wamelala na maombi yao yanazunguka juu ya vichwa vyao. Mashine zilikuwepo, mpya, zimefunikwa nailoni. Sista alijaribu kuwasha moja kwa mkono kama zamani, ikamlilia king'ora, na askari wakaja kumuuliza ametumwa na nani.

Shomari alianza kuvimba miguu, kisha uso. Mdomoni akasema anasikia ladha ya chuma. Alijikuna mpaka ngozi ikachubuka.

"Mwenzangu," alimwambia Sihaba, maana hivyo ndivyo alivyomwita, "huo mchoro si uliuchora wewe? Lipitishe basi hilo ombi kwa uchochoro."

"Hauna uchochoro, Refa. Waliuziba."

"Nani aliziba?"

Sihaba alimkanda miguu. Vidole vyake vilipobonyeza, shimo lilibaki kwenye nyama na halikurudi. Hapo ndipo alipojua kwamba hana muda, akainuka akaenda wizarani.

Bwana Lwanzali alimpokea vizuri, akamwagizia chai.

"Mfumo hauna kosa, Bi Sihaba. Umeambiwa ombi linatafuta njia. Kutafuta ni kazi, siyo uvivu."

"Mheshimiwa, halitaipata njia kwa sababu njia haipo. Ulikuwepo. Tuliifuta mbele yako. Mume wangu anakufa."

"Pole sana. Kwa hiyo una hitaji jipya?"

"Ndiyo! Mshale mmoja tu. Mfupi. Uwe hata na ncha butu."

"Vizuri kabisa. Hitaji jipya linataka idhini ya Waziri." Akamgeuzia kompyuta yake. "Bonyeza hapa uombe."

Sihaba alibonyeza. Alijua kitakachotokea, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Herufi za kijani zikatokea zilezile, na Katibu Mkuu akazitazama kwa fahari ya mtu anayeona mwanawe akitembea.

"Unaona? Linatafuta."

Sihaba akaenda kwa Waziri mwenyewe, kwa miguu, kinyume cha kila kibao. Getini, yeye mwanamke mzima mwenye shahada mbili, alipiga magoti mbele ya mlinzi, akamshika buti.

"Mama, inuka," mlinzi alisema, naye alionekana kuumia kweli. "Mheshimiwa haendewi. Mheshimiwa ndiye huja."

*

Wazo lilimjia akiwa bado ana vumbi la getini magotini. Ua! Mstari ule usio na ncha wa Bwana Nyendo. Ndio pekee uliofika kwa Waziri, na uko wazi mchana kutwa.

Alirudi hospitalini akikimbia. Akakaa kwenye kioo cha Sista, akaandika: *Mheshimiwa Waziri, nakupongeza kwa kumwidhinishia mume wangu Shomari, wa kitanda cha dirishani, mashine ya kusafisha damu.* Alihesabu hivi: Waziri atasoma, atajiuliza huyu Shomari ni nani, na kwa kuwa amekwisha kusifiwa, ataona haya asitoe. Mkubwa anaweza kuvumilia lawama, lakini sifa ya bure humkosesha usingizi. Akabonyeza.

Jibu lilikuja kabla hajavuta pumzi. MHESHIMIWA AMEPOKEA PONGEZI ZAKO KWA MOYO MKUNJUFU.

"Limefika!" Sihaba alipiga kelele. "Sista, limefika! Refa, umesikia?"

Wodi nzima ikainua vichwa. Kisha kiduara kilichokuwa kikizunguka juu ya jina la Shomari kikasimama. Herufi za kijani zikafutika, na mahali pake pakatokea neno moja: AMEPONA.

Sista Leokadia akalisoma mara mbili. "Dada yangu," akanong'ona, "umefanya nini?"

Sihaba alielewa palepale, na kuelewa kulimuuma kuliko kofi. Mfumo haukukosea. Hakuna anayepongeza asichopewa. Basi huduma imetolewa. Huduma ikitolewa, Ombi linafungwa. Huo ulikuwa mstari wake mwenyewe, wa asubuhi ile nzuri, na ulikuwa mstari sahihi. Alirudia kubonyeza kitufe cha Omba. Kioo kikamjibu kwa adabu kwamba mtu mzima wa afya haombi.

Mchana wahudumu wakaja kuchukua kitanda, kwa sababu kitanda ni cha wagonjwa. Walikuwa watu wema. Walimshusha Shomari polepole, wakamkalisha kwenye benchi la nje, na mmoja akampa hongera.

*

Hakukaa benchini sana. Kesho yake asubuhi king'ora kikalia mlangoni, na Bwana Nyendo akashuka kwenye gari la wizara akiwa na suti kwenye hanga.

"Ndiye huyu?" aliuliza, akitabasamu hadi ufizi. "Mponaji wa Kwanza wa Taifa! Binti yangu, leo ni Siku ya Mchoro. Mheshimiwa anataka kumwona kwa macho yake."

Shomari alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda ngazi. Uso wake ulikuwa umejaa, macho yamebaki vijistari. Bwana Nyendo alimtazama, akasema amenenepa, serikali imemlea. Wakamvika suti, wakashindwa kufunga vifungo. Wakampaka mafuta usoni ang'ae.

Sihaba angeweza kukataa. Hakukataa, kwa sababu alikuwa bado na tumaini moja. Waziri atakuwepo, mwenye masikio, hatua chache kutoka kwao. Ndani ya gari alimshika mumewe mkono akamsogelea sikioni.

"Watakupa maikrofoni, Refa. Usihutubie. Mwambie tu: naumwa, naomba mashine. Basi. Maneno hayo tu. Utaweza?"

Shomari alitikisa kichwa kukubali. Kusema, tangu alfajiri alikuwa hawezi tena.

Uwanja ulikuwa ule wa bonanza. Jukwaa lilijengwa kwenye goli, na nyuma yake palitundikwa Mchoro wa Taifa katika fremu yake, kisanduku cha Waziri kikiwa kikubwa kama nyumba. Bendi ilipiga. Wakamkalisha Shomari kwenye kiti cha plastiki, Sihaba kando yake, na Mheshimiwa Waziri akasimama kuhutubia.

"Wananchi! Zamani katika nchi hii mtu aliumwa ovyoovyo, bila mpangilio. Leo anaumwa ndani ya mfumo!"

Makofi.

"Wenye wivu walisema mfumo hautafanya kazi. Nawauliza: tangu tuuzindue, nimepokea maombi mangapi? Hata moja! Sijapokea ombi hata moja, wananchi! Nimepokea pongezi tu. Nchi nyingine zinahangaika kutibu watu. Sisi tumetibu shida yenyewe ya kuomba!"

Makofi yakaendelea mpaka Bwana Nyendo alipoinua mkono kuyasimamisha, mkono mzima, kiganja kikielekea chini, kama inavyotakiwa.

"Na huyu hapa," Waziri akasema, "ndiye ushahidi wangu. Ndugu yangu, hebu uambie umma. Unajisikiaje?"

Maikrofoni ikawekwa mdomoni mwa Shomari. Uwanja mzima ukasikia pumzi yake ikikoroma kwenye spika. Sihaba alimminya bega. *Naumwa. Naomba mashine.* Midomo ya Shomari ilifunguka, ikafunga, ikafunguka. Hapakutoka kitu.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kuinuka kutoka pajani. Uliinuka kwa shida, kwa vituo, mkono wa suti isiyo yake, umevimba hadi kwenye kucha. Ulipofika usawa wa kifua ukanyooka, kidole kikajitenga na wenzake, na kikasimama kikimwelekea Waziri katikati ya kifua.

Bendi ilinyamaza bila kuambiwa. Jukwaani watu waliinamisha nyuso wasione. Wazazi waliokuwa uwanjani waliwaziba watoto macho. Waziri mwenyewe, ambaye hajawahi kunyooshewa kidole tangu penalti ile, aligeuka kutazama nyuma yake amwone anayeelekezwa ni nani. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na Mchoro.

"Ushushe," Bwana Nyendo alimnong'oneza Sihaba, machozi yakimtoka. "Binti yangu, nakusihi, ushushe mkono wa mumeo."

Mkono ulikuwa umeanza kushuka wenyewe. Ulitetemeka, kiwiko kikalegea, na pumzi kwenye spika ikakata, ikarudi, ikakata. Sihaba alipiga magoti kando ya kiti cha plastiki. Akamshika mumewe chini ya kiwiko kwa mikono yake miwili, akauinua tena mpaka usawa uleule, kidole kikirudi palepale kilipokuwa.

Spika zilikuwa kimya sasa. Mkono ulizidi kuwa mzito, ukawa mzito kuliko alivyowahi kuujua, na uzito wote ukamwangukia yeye. Hakuushusha.